Wiki Sita na Maji ya Chumvi

Jumamosi asubuhi, kabla sijatia kitu chochote kichwani, huchana nywele zangu nilizozigeuza blondi, yaani njano hafifu, kisha huchukua zile mbili tatu zilizonasa kwenye chanuo na kuzilaza juu ya sahani nyeupe. Naipeleka sahani dirishani, penye mwanga wa mchana lakini pasipo jua la moja kwa moja, kwa sababu balbu ya jikoni kwangu hutia kila kitu umanjano. Zikiwa na rangi ya ganda la ndizi upande wa ndani, wiki hiyo naosha kwa shampuu ya kawaida na sigusi kitu kingine. Zikielekea kwenye embe bivu, natoa chupa ya shampuu ya zambarau, ile ya kuzima umanjano. Zikiwa na rangi ya shaba, wekundu kama wa bomba kuukuu, najua tatizo ni maji, na hakuna chupa ya zambarau itakayolimaliza.

Ilinichukua karibu miaka miwili kujua tofauti ya embe na shaba. Miaka hiyo yote nilimlaumu msusi, nikailaumu rangi, nikanunua shampuu kwa bei nisiyopenda kuikumbuka, na nikawa narudi saluni kila baada ya wiki tatu huku nywele zikizidi kukonda. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyetoka saluni juzi na kichwa kinachong'aa kama ndevu za mahindi mabichi, kufika wiki ya tatu akajikuta na kamba ya mkonge, na sasa anaamini ameibiwa. Pengine hakuibiwa.

Nywele zangu ni za asili, za kujikunja, fupi, urefu wa vidole vinne ukizivuta. Niliacha kutia dawa ya kunyoosha, nikanyoa zote kwa kinyozi, na zilipofika inchi moja nikaenda Kenyatta Market, hapa Nairobi, kuweka blondi. Wanaoijua Kenyatta Market wanajua kwamba huko huingii bila kuitwa: wasusi wanakuwahi mlangoni na picha za mitindo mkononi, na moshi wa nyama choma unakufuata hadi kwenye kiti. Msusi niliyempata hakuniita. Alikuwa ameinamia kichwa cha mtu mwingine, nikamsubiri kwa sababu kichwa kile kilikuwa cha blondi safi, sawasawa kuanzia kisogoni hadi kwenye paji.

Zamu yangu ilipofika alinishika kichwa kwa vidole vyote kumi, akauliza niliosha lini. Nikamwambia jana usiku, ili nije safi. Akaondoa mikono.

"Rudi baada ya siku tatu, mrembo. Na usioshe. Nataka yale mafuta ya ngozi yako yawepo, ndiyo yatakayokukinga na hii kitu."

Nilirudi baada ya siku tatu. Msusi anayekataa pesa ya leo kwa sababu ya ngozi ya kichwa chako, mshike.

Ni yeye aliyenieleza kwanza kwamba blichi haitii rangi. Inatoa. Ndani ya unywele mweusi kuna melanini za aina mbili: eumelanini, inayoleta weusi na kahawia, na feomelanini, yenye wekundu na umanjano. Unga wa blichi ukikorogwa na peroksaidi huingia ndani ya unywele na kuzivunja. Eumelanini huachia mapema. Feomelanini ni sugu. Ndiyo maana nywele zetu zikitolewa weusi hupitia rangi zilezile siku zote: kahawia yenye wekundu, chungwa, dhahabu, njano, na mwisho ile njano hafifu ya ganda la ndizi. Hapo ndipo msusi anayejua kazi anapoosha. Akilazimisha hadi nyeupe, unywele unakufa kabla weupe haujafika, kwa sababu hata keratini yenyewe, protini iliyoujenga unywele, ina umanjano wake kidogo. Weupe unaouona kwenye picha umeletwa na tona.

Tona ni rangi ya zambarau iliyopakwa kidogo sana juu ya njano. Kwenye duara la rangi, zambarau na njano zinatazamana, na rangi zinazotazamana huzimana. Bluu na chungwa vilevile. Tona haikai milele. Wiki nne, wiki sita ukijitahidi, na kila ukiosha inapungua. Kwa hiyo ule umanjano unaosema "umerudi" haukurudi kutoka mahali. Ulikuwepo siku ile unatoka saluni unajipiga picha, umefunikwa tu. Kazi ya nyumbani, ile ya wiki sita kati ya kiti na kiti, ni kuchelewesha kufunuliwa kwake, na kuzuia rangi nyingine ngeni zisije zikakaa juu yake.

Hiyo ya rangi ngeni ndiyo iliyonitesa.

Naishi upande wa Embakasi. Ploti yetu ina kisima cha kuchimbwa, na anayekaa pande hizi hahitaji kuelezwa maji ya chumvi ni nini. Ukiosha vyombo, sabuni inagoma kutoa povu na kuacha utando juu ya maji. Birika la umeme linavaa ukoko mweupe ndani, mgumu, hadi utie siki ndipo ubanduke. Maji ya kanjo, yale ya jiji, huja siku mbili kwa wiki, mara nyingi usiku, na ukilala ukasahau kukinga basi hadi wiki ijayo. Sikuwahi kufikiri mambo hayo yana uhusiano wowote na kichwa changu. Maji ni maji, nilidhani, yakishasafisha yamemaliza kazi.

Halafu siku moja nilikuwa nasugua sinki ya bafuni. Ni sinki nyeupe, na chini ya mfereji kuna mchirizi wa kahawia yenye wekundu, mwembamba, unaoshuka kutoka mdomo wa mfereji hadi kwenye tundu. Nausugua kila wiki na kila wiki unarudi. Nikainuka kupumua, nikajiona kwenye kioo, nywele za mbele zikiwa zimelowa jasho na kulala kwenye paji. Nikatazama kioo, nikatazama sinki. Ilikuwa rangi ileile. Si kufanana, ileile. Mchirizi ule ni chuma kilichomo ndani ya maji ya kisima, na kilichokuwa kikikaa kwenye sinki ndicho kilichokuwa kikikaa kichwani mwangu.

Sikutaka kuamini kwa macho tu. Nilipokwenda kupunguza nywele nikamwomba kinyozi anipe zilizokatwa, zile za blondi, nikazigawanya katika gilasi mbili. Moja nikaitia maji ya kanjo, nyingine maji ya kisima, nikaziweka ndani ya kabati mbali na jua na kubadilisha maji kila jioni. Siku ya saba nikazimwaga juu ya sahani nyeupe, na hiyo sahani ndiyo hii ninayoitumia hadi leo. Za kanjo zilikuwa njano hafifu, kama zilivyoingia. Za kisima zilikuwa zimeanza kushika wekundu, na ukizisugua kati ya vidole zinakwaruza, kama vile zimepakwa vumbi laini.

Inafaa kuelewa kwa nini nywele nyeusi hazisumbuliwi hivyo na maji hayohayo. Unywele mzima umefunikwa na magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, nao hupenda uchachu kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5 (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikipanda, uchachu unapungua). Mchanganyiko wa blichi ni wa upande wa pili kabisa, pH ya 9 na kupanda. Unafungua vigae ili uingie, na ukitoka havifungi tena kama zamani. Kuanzia hapo unywele ni kama sifongo: unakunywa maji upesi na kuyapoteza upesi, na chochote kilichomo ndani ya maji, chuma, shaba, kalsiamu, kinapata mahali pa kukaa. Tena kwenye nywele nyeusi madoa ya chuma yasingeonekana hata yangekuwepo. Kwenye blondi kila kitu kinaonekana.

Kwa hiyo sasa nina mtungi wa bluu, wa lita 20, ambao hakuna mtu nyumbani kwangu anayeruhusiwa kuugusa. Ni wa maji ya kanjo, na ni wa nywele. Nikiosha natumia beseni na kikombe, na lita nane zinanitosha kwa kichwa kizima nikiwa makini. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha nayamimina yale maji kwenye beseni pana na kulifunika kwa leso nyepesi, klorini iliyomo ipate kuondoka. Kuna anayeniambia nichemshe tu maji ya kisima. Kuchemsha hakutoi chuma. Yanabaki maji ya chumvi, ya moto.

Mara moja kwa mwezi naosha kwa shampuu ya kutoa madini. Kwenye maduka ya Dubois Road wauzaji hawaiiti hivyo, kwa hiyo geuza chupa usome nyuma: tafuta herufi EDTA karibu na mwanzo wa orodha. Hiyo ndiyo inayoshika madini na kuondoka nayo. Inakausha, kwa hiyo baada yake ni kondishena nzito, kofia ya plastiki na nusu saa ya kutulia. Na kila nikimaliza kuosha, maji ya mwisho huwa na siki ya tufaha: kijiko kimoja cha mezani katika nusu lita. Si zaidi. Uchachu ule unarudisha vigae kulala, na harufu huisha nywele zikikauka.

Ukiwa umeishi na maji ya kisima kwa muda, mwambie msusi kabla hajakoroga chochote. Madini yakiwa mengi ndani ya unywele yanaweza kukutana na peroksaidi yakatoa joto kali, na unywele ukakatika hapohapo. Msusi wangu sasa hilo ndilo swali lake la kwanza kwa mteja mpya: "Unakaa wapi, na maji yenu ni gani?"

Sasa shampuu ya zambarau, ambayo watu wengi ndiyo wanayoianza nayo na kuiishia nayo.

Ni nzuri. Naitumia. Lakini ni rangi, haisafishi zaidi ya shampuu nyingine, na unywele wa blondi hauli rangi kwa usawa. Ncha ni za zamani, zimepitia blichi na jua na taulo kwa miezi mingi, zina njaa. Sehemu ya karibu na ngozi ni mpya na imeshiba. Mara yangu ya kwanza niliipaka yote pamoja nikaenda kupika ugali, nikiamini kwamba kikikaa zaidi kitafanya kazi zaidi. Nilipoosha baada ya nusu saa ncha zilikuwa na rangi ya ua la mjakaranda, na katikati bado njano. Jumatatu nilikwenda kazini nimefunga kilemba. Ilichukua wiki mbili na kuosha mara nne rangi ile kupungua, na kila kuosha kulichukua na tona iliyokuwa imebaki. Nilikuwa nimejitia hasara pande zote mbili.

Siku hizi naichanganya nusu kwa nusu na shampuu ya kawaida kwenye kiganja, nikivaa glavu kwa sababu inashika kucha. Naanza penye umanjano zaidi, kwangu ni utosini, na ncha nazigusa mwisho kwa povu lililobaki tu. Dakika tatu. Sitoki bafuni, sishiki simu. Naosha hadi maji yanayodondoka yapoteze zambarau kabisa, ndipo napangusa kwa taulo nyeupe. Taulo ikibaki na doa, bado. Mara moja kwa wiki ndiyo kiwango cha juu, na wiki nyingi sahani inaniambia nisitumie kabisa. Kama nywele zako ni za chungwa, zambarau haitazigusa, kwa sababu zambarau huzima njano. Chungwa inataka bluu. Na kama ni chuma, zote mbili zitapaka rangi juu ya kutu.

Jua nalo lina sehemu yake. Nairobi hudanganya kwa sababu kuna ubaridi. Watu wanavaa sweta mchana na kudhani jua halipo. Tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Miale hiyo inakula tona na kukausha unywele. Januari na Februari, jua linapokuwa kali kuliko miezi mingine, utosi wangu hupauka wiki moja kabla ya kisogo. Kitambaa chepesi saa sita hadi saa tisa kinatosha. Mtu akikushauri upake limau ukae juani ili blondi ing'ae, mshukuru kisha usifanye. Limau na jua vinaendelea kutoa rangi bila mpango, na vinaacha unywele mkavu kama jani la mgomba lililoanguka.

Kwenye mafuta niseme jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: mafuta yenye rangi hupaka rangi. Yale mazito ya mbarika yaliyokaangwa, meusi, yamesaidia vichwa vingi, lakini kwenye blondi yanaacha uchafu usiotoka. Jeli ya njano pia. Mimi natumia mafuta ya nazi yaliyo meupe kabisa, na siyapaki baada ya kuosha bali kabla, usiku mzima. Asidi ya lauriki iliyomo ni chembe ndogo iliyonyooka, inapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu, na unywele uliolowa mafuta hayo hupoteza protini kidogo zaidi ukioshwa. Kwa nywele ambazo blichi imeshazipunja protini, faida hiyo ni kubwa.

Kilemba kipya, kifue kwanza. Nililala na kitambaa cheusi cha sataini nywele zikiwa na unyevu, nikaamka na mstari wa kijivu juu ya masikio yote mawili. Pasi na draya ya moto mkali nazo huleta umanjano; nikilazimika natumia moto mdogo. Bwawani nazilowesha kwa maji safi na kondishena kabla ya kuingia, zikiwa zimeshashiba haziwezi kunywa mengi, na ule ukijani unaotokana na shaba ya maji ya bwawa haunipati. Usiku boneti. Basi.

Kuna kipimo kingine alichonifundisha msusi, na hiki kimeniokoa kuliko shampuu zote. Nywele zikiwa zimelowa, shika unywele mmoja uuvute polepole. Ukivutika kama ubani wa kutafuna na kukataa kurudi, una njaa ya protini. Ukikatika tik, bila kuvutika hata kidogo, una kiu: unahitaji unyevu, na ukiuongezea protini utakuwa kama kijiti. Ukivutika kidogo na kurudi, uache. Wengi wetu tunanunua dawa za protini kila tukiona kitu kimekatika, na tunazidi kukata.

Niliyajua hayo kwa gharama. Kuna mwaka msusi wangu alisafiri kwenda kwao kwa miezi miwili, na mizizi yangu ilikuwa imeshuka. Nywele hukua sentimita 1.25 hivi kwa mwezi, na kwenye kichwa cha nywele fupi mwezi mmoja tu unaonekana kama kofia nyeusi. Nikaingia saluni moja ya mjini, nzuri, yenye vioo hadi chini. Dada aliyenihudumia hakuuliza historia. Alikoroga peroksaidi ya 40, ile kali yenye asilimia 12, akapaka kichwa kizima, mizizi na blondi ya zamani pamoja, kisha akaniweka chini ya draya. Nilimwambia naungua. Akasema huo ni mwanzo tu, nivumilie. Nilivumilia dakika tano ambazo sitawahi kuzisahau, kwa sababu nilipoinamishwa kwenye sinki nilisikia maji yakishindwa kushuka. Tundu lilikuwa limezibwa na nywele zangu.

Nililia kwenye matatu hadi nyumbani. Si kwa sababu ya urembo. Ni kwa sababu nilijua, nikiwa pale kitini, kwamba si sawa, na nilinyamaza kwa sababu saluni ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa mgeni. Usinyamaze. Kichwa ni chako, na dawa ikianza kuunguza simama uende kwenye maji mwenyewe.

Ritachi, yaani kutia blichi kwenye mizizi iliyoota, inapaswa kugusa weusi tu. Msusi wangu hupaka kondishena nzito juu ya blondi ya zamani kama ukuta, anatumia peroksaidi ya 20, yenye asilimia 6, anaanzia kisogoni ambako nywele ni ngumu, na kumalizia kwenye paji ambako ni laini. Hataki nije kabla ya wiki nne na hapendi nipite wiki nane. Joto la ngozi ya kichwa husaidia blichi, lakini joto hilo linafika sentimita moja hivi tu; mizizi ikiwa mirefu mno, sehemu ya chini inafika njano huku ya juu yake ikibaki chungwa, na unapata mistari kama ya punda milia. Wiki sita ndipo tulipokubaliana. Katika wiki mbili za mwisho mizizi myeusi inaonekana waziwazi na mimi naiacha ionekane. Ni nywele zangu pia. Tena ndizo zenye afya kuliko zote kichwani.

Mwezi uliopita shosho wangu, nyanya mzaa mama, alikuja Nairobi kwa kliniki ya macho akakaa kwangu wiki mbili. Anatoka Gatanga, huko Murang'a. Siku ya kwanza aliponiona na blondi, miaka iliyopita, alinitazama kwa muda mrefu akauliza ni kwa nini nimeukimbilia uzee kabla haujaniita. Hatukulizungumza tena. Yeye kichwa chake ni cheupe chote, mvi tupu, lakini sijawahi kukiona vizuri kwa sababu hafungui kitambaa mbele ya watu.

Jumamosi alinikuta dirishani na sahani yangu. Akaketi, akataka kujua natafuta nini. Nikamweleza: ndizi, embe, shaba. Alisikiliza kimya, kisha akafungua kitambaa. Mvi zake zilikuwa na umanjano, mbele hasa, rangi ya karatasi ya zamani. Miaka mingi ya kuinamia moshi wa kuni. Mvi, kama blondi yangu, hazina weusi wa kuficha kitu, na kila moshi na kila maji yanaacha alama. Nilishangaa sikuwahi kufikiri kwamba mimi na yeye tunabeba shida moja.

"Hiyo dawa yako inaweza kutoa hii?" akauliza.

Nikamketisha kwenye kigoda bafuni, taulo mabegani. Nilipofungua mtungi wa bluu akauliza kwa nini situmii mfereji, na maji yapo. Nikamwambia ya mfereji ni ya kisima, yana chumvi, haya ni ya kanjo, yanatoka bwawa la Ndakaini.

"Ndakaini?" Akacheka, akanyoosha kiganja nikammiminia kidogo, akayaonja. "Hayo ni maji ya kwetu. Tulikuwa huko likichimbwa." Bwawa lile lilikamilika mwaka wa 1994, linabeba mita za ujazo milioni 70, na mito inayolijaza inashuka kutoka misitu ya Aberdare, milima ambayo kwake unaiona asubuhi kabla ukungu haujapanda. Akaniambia alipokuwa akimwosha mama yangu nywele alikinga maji ya mvua kwenye pipa, na kamwe hakutumia ya mvua ya kwanza kwa sababu ya kutu ya mabati. Nilisimama na kikombe mkononi. Mtu wa kuniambia habari za chuma alikuwepo siku zote, na mimi nilitia nywele kwenye gilasi ndani ya kabati.

Nilimwosha mara mbili kwa shampuu ya kawaida, kisha nikachukua ya zambarau kiasi cha sarafu, nikaikoroga na povu na kuipitisha mbele tu. Dakika mbili nilizihesabu kwa sauti. Nikamsuuza kwa maji ya siki, akalalamika kuhusu harufu, nikampangusa kwa taulo nyeupe.

Zilipokauka alikwenda dirishani mwenyewe na kioo cha mkononi. Alikaa nacho sana, akikigeuza upande huu na ule. Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, alifunga kitambaa chake kama kawaida, akasimama mlangoni, akakifungua, akakifunga tena nyuma zaidi, vidole vitatu kutoka kwenye paji.